Bwana Speke na Chimbuko la Mto Nile

Mtu akiondoka Mafubira asubuhi kwa miguu, akaupitia mji wa Jinja na kushuka mpaka kwenye maji, atafika mahali ambapo Mto Nile huanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Hapo atawaona wavuvi, na wauza samaki, na wenye mashua wakiwaita wageni wapande wapelekwe kuona maji yanapotoka ziwani. Ng'ambo ya mto, upande wa Njeru, uko mnara wa jiwe uliosimamishwa kwa ukumbusho wa Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, aliyefika pale tarehe 28 Julai 1862. Sisi wanafunzi wa sehemu hizi tunalijua jina hilo tangu utoto, na tarehe pia, kwa sababu walimu hutuuliza. Lakini tukiulizwa Bwana Speke alikuwa mtu wa namna gani, na kwa nini wenzake wa Ulaya walikataa kumsadiki hata baada ya yeye kusimama pale na kuona kwa macho yake, wengi wetu hunyamaza. Basi nimeona yafaa niyaandike maisha yake kwa kifupi, ili wenzangu wayasome, na ndugu zetu waliokwisha maliza shule wakumbuke mto waliokuwa wakiutembelea siku za mapumziko.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827, katika sehemu ya kusini-magharibi ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wenye mashamba na jina zuri. Yeye mwenyewe hakupenda sana vitabu. Alipenda mbuga, bunduki na kutembea. Mwaka 1844, akiwa na miaka kumi na saba tu, akaingia katika jeshi la Waingereza la Bara Hindi, akapigana vita vya Punjab. Wenzake walipopata likizo walikwenda kustarehe mijini, lakini yeye alipanda milima ya Himalaya na kuingia mipakani mwa Tibet, akiwinda wanyama na kuchora ramani ya njia alizopita. Huko ndiko alikojifunza mambo mawili yaliyomfaa baadaye: kustahimili safari bila ya mwenzake wa nchi yake, na kusema Kihindustani. Msomaji asiisahau lugha hiyo, maana tutaikuta tena katika baraza la Kabaka.

Mwaka 1854 akafuatana na Richard Burton kwenda nchi ya Wasomali. Burton alikuwa mtu wa elimu nyingi, mjuzi wa lugha, mwandishi wa vitabu. Speke alikuwa mtu wa vitendo, mnyamavu, tena mwepesi wa kuona uchungu moyoni. Mwezi wa Aprili 1855, karibu na Berbera, kambi yao ilishambuliwa usiku. Mwenzao mmoja akauawa. Burton alichomwa mkuki uliopita shavu hata shavu. Speke alikamatwa, akafungwa mikono, akachomwa mara nyingi mwilini. Hata hivyo akajinasua, akakimbia mbio na majeraha yake mpaka pwani. Watu wote walishangaa jinsi alivyopona. Lakini katika vurugu ya usiku ule Burton alimwambia neno ambalo Speke alilichukua kana kwamba ameitwa mwoga. Tena baada ya safari, Burton aliitia shajara ya Speke katika kitabu chake mwenyewe. Speke hakusema mengi, bali aliyaweka moyoni. Na kitu kikiwekwa moyoni siku nyingi huota mizizi.

Hata hivyo, mwaka 1857 watu hao wawili walisafiri tena pamoja. Safari hii walitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kutafuta maziwa makubwa ya bara na, kama ikiwezekana, chimbuko la Mto Nile. Swali hilo lilikuwa la kale sana. Wayunani na Warumi waliliuliza, na hakuna aliyelijibu kwa hakika, maana kila aliyejaribu kupanda mto kutoka Misri alizuiwa na mabwawa ya matete, homa na vita. Wao wakaamua kuingia kwa upande wa pwani ya Waswahili.

Karibu na pwani walimpata mtu ambaye bila yeye habari hii isingekuwa kama ilivyo. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akapata uhuru wake akarudi Afrika. Alikuwa askari wa Sultani wa Unguja walipokutana naye. Kwa kuwa Bombay alijua Kihindustani, na Speke alikijua pia, wakaweza kuzungumza. Speke hakukijua Kiswahili vizuri. Kwa hiyo karibu kila alichokisikia katika bara yetu kilipita kwanza katika masikio ya Bombay, kisha katika kinywa chake.

Msafara ulifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Taabu zilikuwa nyingi. Burton hakuweza kutembea kwa homa. Speke aliugua macho, na siku walipoliona Ziwa Tanganyika, wengine wakishangilia, yeye aliona ukungu mtupu. Baadaye, wakivuka ziwa, mdudu aliingia sikioni mwake usiku. Alipojaribu kumtoa kwa kisu kidogo alijiumiza vibaya, akawa kiziwi wa sikio lile. Watu wa huko waliwaambia kwamba mto Rusizi, ulio kaskazini ya ziwa, huingia ziwani wala hautoki. Hilo lilimvunja moyo Burton, maana alitumaini kwamba mto huo ndio Nile.

Waliporudi Kazeh, Waarabu wafanya biashara wakawaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa jingine kubwa kuliko lile. Burton alikuwa mgonjwa, tena alipenda kukaa na Waarabu na kuandika habari zao. Speke akaomba ruhusa aende. Mwezi wa Julai 1858 akaondoka na Bombay na watu wachache, akatembea majuma matatu na zaidi, na tarehe 3 Agosti, akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza, akaona maji yasiyo na mwisho. Akachemsha maji na kutazama kipimajoto, maana maji huchemka mapema zaidi mahali palipo juu, akahesabu kwamba ziwa lina kimo cha futi 3,740 kutoka usawa wa bahari. Hesabu hiyo ilikuwa karibu kabisa na ukweli, kwani kimo chake ni kama futi 3,720. Akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria. Watu wa kando yake walikuwa na majina yao wenyewe. Waganda huliita Nalubaale mpaka leo.

Hapo ndipo tunapokutana na tabia ya Speke iliyomletea sifa na msiba pia. Alikaa Mwanza siku chache tu. Hakupanda mashua kuzunguka ziwa. Hakuona mto wowote ukitoka. Lakini moyoni mwake alikwisha kata neno: hili ndilo chimbuko la Mto Nile. Aliporudi Kazeh akamwambia Burton, na Burton akacheka. Kwa Burton, mtu aliyeona kona moja ya ziwa hakuwa na haki ya kusema habari za mto ulio mbali mamia ya maili.

Nasi wanafunzi tunaweza kuwaelewa wote wawili. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika jibu la hesabu lililokuwa sahihi kabisa, nikapewa alama moja kati ya tano, kwa sababu sikuonyesha njia. Nilikasirika, nikasema jibu si ni jibu? Mwalimu akanieleza kwamba jibu lisilo na njia halimfai mtu mwingine yeyote. Hawezi kujua kama umelipata kwa akili au kwa bahati. Speke alikuwa na jibu. Njia ndiyo aliyokosa.

Mwezi wa Mei 1859 Speke alifika Uingereza siku chache kabla ya Burton. Burton alidai kwamba walikuwa wamepatana kungojana. Speke hakungoja, akaenda kwenye Chama, akaeleza habari za ziwa lake, na wakubwa wakampa safari mpya aiongoze yeye. Burton alipowasili akakuta mambo yamekwisha. Tangu siku hiyo watu waliouguzana porini wakawa adui.

Safari ya pili ilianza mwaka 1860. Mwenzake safari hii alikuwa James Grant, mtu mpole na mwaminifu. Bombay pia alikuwamo, pamoja na wapagazi na askari zaidi ya mia. Wengi walitoroka njiani, wengine waliugua, wengine walikufa. Mwishoni mwa mwaka 1861 walifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, aliyewakaribisha kwa wema mwingi. Huko mguu wa Grant ukaota kidonda kibaya hata hakuweza kusimama. Basi mwezi wa Januari 1862 Speke akamwacha, akaelekea Buganda. Na katika msafara wake hapakuwa na Mzungu mwingine.

Tarehe 19 Februari 1862 akaingia katika mji mkuu wa Kabaka Mutesa, uliokuwa wakati huo juu ya kilima cha Banda. Alistaajabu. Aliona barabara pana zilizofagiliwa, nyua za matete zilizosukwa kwa ustadi, na nyumba kubwa za nyasi zilizopangwa kwa utaratibu kilima kizima. Alikuwa ameziona nchi nyingi, lakini mji wenye adabu na amri kama ule hakuutazamia. Alipoitwa barazani akaambiwa angoje juani kama wageni wengine, akakataa, akageuka akarudi kambini. Na watu wakatishika, maana hakuna aliyethubutu kumfanyia Kabaka hivyo. Kabaka akamtumia watu kumwita tena, na akamruhusu kuketi juu ya kiti chake mwenyewe badala ya kukaa chini.

Mazungumzo yao yalikuwa ya ajabu. Speke alisema neno kwa Kihindustani; Bombay akaligeuza kwa Kiswahili; mkalimani mwingine, Nasib, akalitia katika Kiganda; kisha mtumishi mmoja wa Kabaka akalifikisha kwa bwana wake, kwa kuwa haikuwa heshima mgeni kumsemesha Kabaka ana kwa ana. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Fikiri, msomaji, ni maneno mangapi yalianguka njiani! Lakini twaona pia kwamba Kiswahili, ambacho baadhi yetu hukidharau wakidhani ni lugha ya juzi katika nchi hii, kilikuwa kimekwisha fika katika baraza la Buganda kabla ya reli, kabla ya misheni na kabla ya serikali ya Waingereza.

Speke alikaa katika mji ule miezi minne na nusu. Akawa rafiki wa Namasole, mama yake Kabaka, aliyemwomba dawa na kumkaribisha pombe. Akatembea vilimani kuwinda, akafuatana na Kabaka katika mitumbwi ziwani, mahali alipopaita Ghuba ya Murchison. Alimpa Mutesa bunduki, na siku moja Mutesa akamkabidhi kijana wa barazani bunduki moja, akamwamuru atoke nje akampige mtu ili aone kama yaua vizuri. Kijana akatoka, mlio ukasikika, akarudi akifurahi. Speke ameandika kwamba hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa. Jambo hilo lilimchukiza. Lakini hakuacha kutoa bunduki na risasi, kwa kuwa bila zawadi asingepata ruhusa ya kuuona mto. Sisi tunaoyasoma leo hatuwezi kupita hapo bila kutikisa kichwa.

Grant alifika mwishoni mwa Mei, na tarehe 7 Julai wakaruhusiwa kuondoka. Njiani Speke akamtuma Grant aende moja kwa moja Bunyoro kwa mfalme Kamurasi, maana mguu wake haujapona sawasawa, naye mwenyewe akageukia mashariki. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakisema alitaka sifa peke yake. Grant mwenyewe hakumlaumu, wakati ule wala baadaye.

Tarehe 21 Julai Speke akaukuta mto mahali palipoitwa Urondogani. Akaufuata kuelekea juu kwa siku kadha, pamoja na Bombay na watu wa Kabaka, na tarehe 28 Julai akafika kwenye maporomoko. Maji yalikuwa yakitoka ziwani na kuanguka juu ya miamba, kimo cha futi 12 hivi, kwa upana wa futi mia nne mpaka mia tano. Samaki wakubwa walikuwa wakiruka kwa maelfu wakijaribu kupanda maji. Wavuvi wa Wasoga na Waganda walisimama juu ya mawe na ndoana zao, viboko na mamba walilala majini, na ng'ombe waliletwa kunywa kandoni. Waganda wakamwambia kwamba mahali hapo huitwa Mawe. Ndiyo asili ya jina la Jinja, nasi twalitamka kila siku bila kufikiri. Yeye akapaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa kile Chama cha London.

Huko mtoni Speke alifurahi mno, akawaambia watu wake wanyoe nywele na kuoga katika mto mtakatifu alimolelewa Musa. Bombay akamjibu kwa utulivu kwamba wao hawayaoni mambo hayo kama ayaonavyo yeye. Wao huridhika na mambo ya kila siku, na likija jema au baya ni mapenzi ya Mungu. Mimi huona kwamba katika kisa hicho kidogo tunawaona watu hao wawili jinsi walivyokuwa. Kwa Speke mto ule ulikuwa jibu la swali la miaka elfu mbili. Kwa Bombay ulikuwa mto. Na kwa wale wavuvi juu ya mawe ulikuwa Kiyira, mto wa baba zao, ambao hawakupata hata siku moja kuupoteza.

Sasa njia ilikuwa mbele yake: aufuate mto ule maili kwa maili mpaka Misri, na hapana mtu angeweza kubisha. Hakufanya hivyo. Alijaribu kushuka kwa mitumbwi, akashambuliwa na Wanyoro, akauacha mto akapita nchi kavu mpaka kwa Kamurasi. Baada ya kukaa huko na Grant kwa muda, wakaondoka mwezi wa Novemba. Walipofika Karuma, mto unapopinda kwenda magharibi, hawakuufuata. Watu walikwisha waambia kwamba huko liko ziwa jingine ambalo mto unaingia na kutoka. Lakini kulikuwa na vita, watu walikuwa wamechoka, na mali ya kubadilisha kwa chakula ilikuwa imekwisha. Wakakata njia kwenda kaskazini, wakaukuta mto tena mbele, na tarehe 15 Februari 1863 wakafika Gondokoro, katika nchi ya Sudan Kusini ya leo. Hapo wakakutana na Samuel Baker na mkewe. Speke akawapa habari za ziwa lile lililobaki, na Baker akalifikia mwezi wa Machi 1864, akaliita Albert.

Speke alipeleka habari kwa simu kwamba jambo la Nile limekwisha. Uingereza ilimpokea kwa vifijo. Lakini furaha ilipotulia, maswali yakaanza. Umejuaje kwamba mto wa Jinja ndio ule wa Gondokoro, na hukuufuata wote? Umejuaje kwamba maji uliyoyaona Mwanza na maji uliyoyaona Jinja ni ziwa moja, na hukulizunguka? Burton akasema huenda ni maziwa mengi madogo, na kwamba Nile yatoka Tanganyika. Speke badala ya kujibu kwa upole alijibu kwa hasira, akawatukana hata wale waliotaka kumsaidia. Kitabu chake kilichotoka mwishoni mwa 1863 kilikuwa na makosa ya vipimo, na adui zake wakayaokota moja moja.

Ikapangwa Speke na Burton wahojiane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba 1864. Alasiri ya siku iliyotangulia, Speke alikwenda kuwinda kwale katika shamba la jamaa yake karibu na hapo. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ililia, risasi zikampiga kifuani, akafa baada ya dakika chache. Alikuwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi lilikata neno kwamba ilikuwa ajali. Wako waliosema alijiua kwa kuogopa mahojiano, lakini mtu aliyejinasua Berbera akiwa amefungwa mikono si rahisi kumwita mwoga. Alizikwa katika kijiji cha Dowlish Wake, na Grant na Livingstone walikuwapo mazikoni.

Njia aliyoiacha ilimalizwa na wengine. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kutazama Rusizi, wakaona kwamba huingia Tanganyika, kama wenyeji walivyosema tangu mwanzo. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua, akathibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa, na kwamba mto utokao ni ule wa Jinja peke yake. Speke alikuwa amesema kweli. Alikuwa amekwisha lala kaburini miaka kumi na moja.

Je, basi tuseme Burton alikosea kudai njia? Sidhani. Katika kitabu kile kile Speke aliandika jambo jingine pia: kwamba wafalme wa Buganda, Karagwe na Bunyoro ni uzao wa watu waliotoka Uhabeshi, na kwamba ufalme na akili vililetwa na wageni hao. Hapo pia hakuwa na ushahidi. Alitazama sura za watu, akakata neno. Safari hii alikosea. Lakini wengi walimsadiki, wakaliongeza neno lake, na katika nchi za maziwa makuu watu wakafundishwa kuwa ndugu yao ni mgeni au mtumwa wake. Madhara yake tunayajua. Mtu yule yule, kwa tabia ile ile ya kuruka njia, mara moja alipata na mara moja alikosa. Na kwa kutazama jibu peke yake asingeweza mtu kujua lipi ni lipi. Ndiyo maana njia yatakiwa.

Bombay aliishi miaka mingi zaidi. Alifuatana na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka Afrika pamoja na Cameron kutoka pwani ya mashariki hata ya magharibi. Mwaka 1876 kile Chama cha London kilimpa malipo ya uzeeni, naye akafariki mwaka 1885. Mnara wa Njeru unamkumbuka Speke.

Maporomoko yenyewe hayaonekani tena. Mwaka 1954 mtambo wa umeme wa Owen Falls ulipofunguliwa, maji yalipanda yakayafunika mawe yaliyoupa mji wetu jina lake. Mgeni akifika leo huonyeshwa maji yanayopita kwa utulivu, akapiga picha, akarudi. Lakini sisi wa Mafubira tukiwasha taa jioni kujifunza masomo yetu, tukumbuke kwamba nguvu ile yatoka katika mto ule, na kwamba yuko mtu aliyekaribia kupoteza macho, sikio na uhai wake ili aujue. Tumheshimu kwa ushujaa wake. Tuwaheshimu pia wale waliobeba mizigo yake na maneno yake. Na tukikaa mtihani, ndugu zangu, hata kama jibu tumekwisha liona kwa mbali, tuonyeshe njia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita